Transista Ndogo Kwenye Harusi ya Dada Regina

Jamani, mpaka leo mtu wa Nyahanga akitaja harusi ya dada yangu Regina mimi naangalia chini, maana aibu ile niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, nimekuja likizo kutoka chuo cha ufundi, mwaka wa kwanza tu lakini majivuno ya injinia mzima. Baba alikuwa ameugua koo, sauti imebaki ya kunong'ona, na alitaka kuwausia maharusi watu wote wasikie. Nikamwambia, "Baba usihangaike, nitakuundia amplifaya ya kukuza sauti."

Nikaenda kwa Mzee Masanja, fundi redio. Baada ya shikamoo na marahaba akanitolea transista, kile kidude kinachobeba kazi ya kukuza sauti na kupata moto, kubwa ya chuma, pana kuliko kifuniko cha soda. "Mwanangu, chukua hii, uifunge kwenye bati ipate kupoa." Mimi nikachagua ndogo kama punje ya hindi, kwa sababu (msinicheke) ile kubwa haikuenea kwenye kiboksi cha amplifaya nilichokipaka rangi, nikamjibu eti chuoni tunafundishwa kukokotoa. Kweli nilikokotoa, ila kwa spika moja ya redio, chumbani.

Siku ya harusi wakaleta maspika mawili makubwa ya tarumbeta na betri ya lori, nikaunganisha vyote huku najua kabisa sikuvipigia hesabu, nikaona haya kusema. Baba akashika maikrofoni: "Regina, mwanangu..." Ikasikika mpaka barabarani, akina mama wakapiga vigelegele, nami kichwa kikavimba. Mara sauti ikaanza kukwaruza, harufu ya kuungua ikatoka, nikafungua kiboksi nikaigusa transista kwa kidole (mtu wa chuo huyo!), ikaniunguza, nikaropoka tusi zito la Kisukuma, kumbe baba ameinama kuona kulikoni, maikrofoni mkononi. Tusi likatoka kwenye maspika yote mawili, mbele ya padri, mbele ya wakwe. Kisha moshi, kisha kimya.

Baba akaendelea kwa kunong'ona. Watu wa nyuma hawakusikia kitu, wakaanza kuongea yao, akakatisha katikati akakaa.

Nilipokwenda kumwomba radhi aliniuliza kwa ile sauti yake, "Hukujua, au ulijua ukanyamaza?"

Tangu siku hiyo napima kwanza mzigo wa maspika ndipo nachagua ukubwa wa transista, na nisichokijua nasema sikijui, hata watu wakinikodolea macho.