Kioo cha Jeneza

Nijicheke mwenyewe kwanza, maana kijiji chote cha Kedowa kimeshanicheka. Juzi tulimzika mume wangu, Joel. Mochari sikwenda. Niliogopa, nikamwachia shemeji kazi ya kumvalisha.

Jeneza lilipofika nyumbani, niliinama pembeni, nikachungulia kwa upande kwenye kidirisha cha kioo kinene cha kifuniko. Nikaona pua imepinda, shavu limepanuka, kidevu kimehama. Nikakumbuka habari za maiti kubadilishwa, nikapiga kelele, "Huyu si wangu! Mmeniletea mtu wa wenyewe!"

Maombi yakasimama. Fundi aliyetengeneza jeneza akaniambia polepole, "Mama Chebet, ni kioo tu. Mwanga ukipita hapo unapinda, kama kijiko ndani ya glasi ya maji. Njoo usimame hapa katikati, uangalie kutoka juu."

Nilikataa. Nikasema mgeni hazikwi kwa shamba langu.

Basi wakafungua skrubu mbele ya watu wote. Alikuwa Joel, na kovu lake kidevuni, la panga la kupogoa majani chai. Mama mkwe akaniangalia.

"Miaka yote hiyo umemtilia chai," akasema, "ulikuwa unaangalia kikombe?"