Kichwa cha Kinyozi

Kinyozi hajinyoi, na jirani yangu ameufanya msemo huo kuwa sheria ya nyumba. Mimi ni fundi cherehani. Kati ya duka lake na langu kuna ukuta mmoja wa mbao, mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namwambia "afya" bila kuinua macho kwenye kitambaa.

Sheria yenyewe aliirithi. Babu yake alikuwa kinyozi, baba yake vilevile, na kwao mkesha wa sikukuu duka hufungiwa wateja saa tisa, familia ikaingia. Wanaanza wadogo, wakiketishwa juu ya ubao unaolazwa kwenye mikono ya kiti. Mwisho anaketi mkubwa wa nyumba, na anayemnyoa ni mdogo kuliko wote, mradi aweze kushika mashine. Mtoto husimama nyuma ya kiti, juu ya kreti la soda. Atakavyokata ndivyo itakavyokuwa. Ni mwiko mtu kurekebisha. Babu mtu alikuwa akisema kwamba anayeinamisha vichwa vya watu mwaka mzima, na yeye siku moja akiinamishe chake.

Basi kila baada ya sikukuu nilimwona jirani yangu akifungua duka na kichwa kama shamba lililoingiliwa na mbuzi. Wateja wakimcheka, yeye anacheka zaidi yao.

"Hii kazi ya nyumbani," anasema. "Haiuzwi."

Watoto wakakua, wakatawanyika kutafuta maisha. Mkewe akafariki. Aliyebaki kuja kumnyoa ni kitindamimba, yule aliyewahi kumkata sikio akiwa mdogo, kisha akalia kuliko aliyekatwa. Huyo anaishi mji wa mbali, siku nzima kwa basi, lakini alikuwa haachi kuja, mtu mzima na ndevu zake, akasimama nyuma ya kiti bila kreti. Mwaka jana hakuja. Mzee akaapa kwamba mashine haitagusa kichwa chake mpaka uje mkono wa nyumbani. Nywele zikaota, nyeupe, zikafunika masikio. Wateja wapya walichungulia, wakamwona, wakaendelea na safari zao.

"Kaka, utakufa njaa," nilimwambia. "Keti nikupunguze, mkasi ninao."

"Dada, wewe hukati vichwa, unakata suruali."

"Suruali inasikia kuliko kichwa chako."

Alicheka, lakini hakuketi.

Mwaka huu kijana aliahidi. Angekuja na mtoto wake, ambaye sasa amefikia umri wa kupanda kwenye kreti. Mzee alilisugua kreti lile kwa sabuni, akautoa ubao mvunguni, akaitia mashine mafuta. Siku hizo zote alikuwa akiimba, na sauti Mungu hakumpa. Nilimvumilia.

Mkesha ulipofika, akafunga mlango saa tisa kama ada, akasubiri. Simu ikalia, akaipokea kwa spika. Ukuta wetu hauna siri.

"Baba, hatujatoka. Kazini wamenikatalia ruhusa."

"Umejua leo?"

"Jana. Nilishindwa kukwambia."

"Na mtoto?"

"Angekuja na nani, Baba? Wewe nyoa tu hapo. Si mashine unazo?"

Nilisimamisha cherehani. Hasira zilinipanda, nikatamani niivamie ile simu nimpe kijana vidonge vyake. Mzee akasema kwa upole ulioniudhi zaidi, "Haya. Washa video, nimwone mwenye kazi."

Nikazunguka kwake kwa kisingizio cha kuazima wembe. Nilimkuta ameegemeza simu kwenye kioo, amejifunga shuka shingoni, ameketi kwenye kiti cha wateja. Nyuma yake kreti lilikuwa tayari mahali pake. Uso wa mtoto ulijaa simu nzima.

"Babu, una nywele nyingi!"

"Ndiyo maana nakutafuta, bosi. Nionyeshe nikate wapi."

Mtoto akaweka kidole kwenye paji lake mwenyewe, akakivuta mpaka utosini. "Hapa!"

Mzee akawasha mashine, akaipitisha palepale. Nywele nyeupe zikamwangukia mabegani. Mtoto akapiga kelele za furaha, na mzee naye akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Enhe, na wapi tena?"

Mtoto alikuwa ameshageuka, kuna kitu kilimwita kule kwao, mpira au katuni. "Nimemaliza, Babu!" alisema akiwa anakimbia. Tukabaki tunatazama dari ya nyumba ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuingia. Kisha simu ikakatika.

Mashine iliendelea kunguruma mkononi mwake. Katikati ya kichwa kulikuwa na mfereji mmoja, basi. Nilimwonea huruma.

"Nipe mimi nimalizie, kaka."

"Amesema amemaliza," alijibu. "Si umesikia?"

Akazima mashine, akafagia.

Sikukuu ilipopita alifungua duka na mfereji wake vilevile. Mteja wa kwanza alikuwa mgeni. Nilimsikia akiangua kicheko.

"Mzee, nani kakufanya hivi?"

"Mjukuu wangu."

"Yuko wapi nimpe mkono, fundi huyo?"

Nikasikia kreti likisogezwa sakafuni.

"Ametoka kidogo," alisema. "Keti."