Mkojo wa Alfajiri

Wakati huo mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi, na maabara ya kituo chetu cha afya, nje kidogo ya Tukuyu, ilibaki mikononi mwangu peke yangu. Ikifika mchana miguu ilikuwa imevimba, na macho yalikuwa yakiniwasha kwa kuchungulia hadubini.

Siku moja ya mvua aliingia bibi mmoja wa kijiji cha Matwebe, binti yake kamshika mkono. Akafungua khanga, akatoa chupa ya soda iliyojaa mkojo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeukinga alfajiri, kabla hatujatoka."

Mkojo uliokaa hivyo kwa kawaida hatuupokei. Lakini nilimwona alivyokuwa akijikunja kwenye benchi, nikaupima. Nilichovya kijiti cha kupimia, na kile kisehemu kinachoonyesha chembe nyeupe za damu kikageuka zambarau, ishara kwamba zipo na huenda kuna maambukizi. Nikauzungusha kwenye mashine, nikaweka tone la mashapo yake chini ya hadubini. Sikuona chembe hata moja. Bakteria tu, wamejazana. Mkojo ukikaa, chembe hupasuka zikapotea, na bakteria huzaliana humohumo chupani. Nisingeweza kujua wepi ni wa bibi na wepi ni wa chupa.

"Bibi, naomba mwingine, wa sasa hivi."

Binti akamweleza kwa Kinyakyusa. Bibi akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Nimeubeba kote huko, leo unaukataa? Mwingine nautoa wapi? Yanatoka matone tu, tena yanachoma kama pilipili."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilimpa maji yangu ya kunywa, nikaegemea ukuta.

"Usiku silali," akasema. "Naamka, narudi, naamka tena."

"Hata mimi silali siku hizi, bibi."

"Na wewe unakojoa?"

Binti aliangua kicheko. Nami nikacheka, mpaka mbavu zikauma.

"Hapana, bibi. Nimechoka tu."

"Basi kaa." Akasogea, akanipisha kwenye benchi.

Tukakaa watatu, tunasikiliza mvua juu ya bati. Nilimfafanulia: ajisafishe kwanza, mkojo wa mwanzo auache uende, akinge wa katikati. Baadaye alinyanyuka mwenyewe. Alirudi na kikopo chenye mkojo kidogo sana, amekishika kwa mikono miwili.

Safari hii chembe nyeupe zilijaa kila nilipotazama, za mviringo, nyingine zimeshikana mafungu. Nikaandika majibu, binti akayapeleka kwa daktari, wakaondoka na dawa.

"Ndaga," bibi alinishukuru kwa Kinyakyusa mlangoni, bila kugeuka.

Siku ya soko binti alipita kuniambia mama yake sasa analala mpaka kunakucha, na ameanza kwenda shambani. Nilifurahi, kwa kiasi nilichoweza. Nikamuaga, nikamwita mgonjwa aliyefuata.