Jiko Lililosafisha Macho

Paskazia alifukuzwa kijijini kwao kwa kosa la kumponya bibi yake macho. Mkutano uliomfukuza ulitumia maneno mengine, na kwa bahati mbaya ndiyo yaliyobaki vinywani mwa watu.

Mwaka 1983 alikuwa kidato cha tatu, msichana pekee wa kijiji kile, upande wa Segese, kufika huko. Mwalimu wake wa kemia, Selestine, alizoea kuwaambia wanafunzi: "Sayansi isiyoingia jikoni kwa mama yako ni ya kasuku tu, kukariri bila kuelewa." Wenzake walicheka. Paskazia alikwenda na kauli hiyo likizo.

Miti ilikuwa imekwisha kitambo, imefyekwa kwa ajili ya pamba. Bibi Kabula alipikia mavi makavu ya ng'ombe ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na macho yake yalikuwa mekundu. Kwetu macho mekundu ya kikongwe ni hukumu ya uchawi: mwaka uliotangulia, bibi mmoja wa kijiji jirani alikatwa mapanga kwa sababu ya macho kama hayo.

Paskazia alifinyanga jiko la udongo wa kichuguu, akalitia bomba lililotokeza juu ya paa. Jirani yao Bujiku alichungulia.

"Wee binti, umejenga stesheni ya Isaka humu? Treni inaondoka saa ngapi?"

"Shikamoo, baba. Moshi ndio unaoondoka, abiria tunabaki."

"Marahaba. Usituunguzie kijiji tu."

Kabla likizo haijaisha, macho ya bibi yalikuwa yametakata. Lakini Paskazia, aliyejisomea kila usiku akiwa ameinamia koroboi, sasa yake ndiyo yaliyokuwa mekundu.

Kwenye mkutano wa kijiji Bujiku hakutania tena.

"Juzi mekundu kwa bibi, leo mekundu kwa mjukuu. Yamehama, au mimi kipofu?"

"Ni moshi wa koroboi, baba," Paskazia alisema. "Nikiacha kuiwasha siku chache, mtaona yanavyorudi kuwa meupe."

"Mmesikia?" mwanamke mmoja alidakia. "Anayaweka, anayaondoa! Kakiri mwenyewe!"

Hivyo ndivyo jaribio, alilofundishwa kuwa ndiyo njia ya kuutafuta ukweli, lilivyogeuzwa ungamo. Wakamtenga: asipewe moto, asichote maji, aondoke. Bibi Kabula alilivunja jiko kwa mchi, akaketi ndani ya moshi ili wekundu umrudie na mtoto aachiwe. Ulimrudia. Mtoto hakuachiwa.

Shuleni nako habari zilimtangulia. Hakuna aliyekubali kulala naye bweni moja. Alipanda lori la mizigo hadi machimbo ya Geita, akawa mpishi wa wachimbaji, akipuliza moto kwenye mafiga matatu. Nasi tunaendelea kuwahimiza watoto waibadili dunia kwa sayansi, bila kuwaambia nani atasimama nao mkutanoni.

Mwaka 1986, miaka mitatu baada ya Paskazia kufukuzwa, mkoani kwetu ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wafugaji wakahimizwa kutenga tena ngitili, malisho yanayofungwa ili nyasi na miti viote upya; safari hii sayansi ilifika mkutanoni ikiwa na serikali nyuma yake.