Waya za Baba Mkwe

Leo mama yangu ametusaidia, na mume wangu amelia.

Tulikuwa na bonsai ya kotonesta, kamti kafupi ka kukuzwa chunguni, kenye matunda mekundu. Baba mkwe aliyakunja matawi yake kwa waya, akatuzawadia siku ya harusi. Hata mwezi haukuisha, akafariki.

Tumetoka kanisani, tukakuta mama ameutoa mti chunguni na kuupanda uani, kwa mbolea ya ng'ombe. Waya zote amezikata!

"Mlikuwa mnautesa, jamani. Sasa utakua kama wenzake."

Mpenzi wangu akasema tu, "Asante, mama."

Baadaye nimemkuta mume wangu nyuma ya nyumba akilia, akiokota vipande vya waya.

"Nikunyooshee hivyo vipande?"

"Usivinyooshe. Hapa ndipo baba alipokunja."

Jamani, nampenda huyu mtu!

Mama anaimba jikoni. Nyinyi mngemwambia zile waya zilikuwa za nani?