Mlango wa Earlene

"Sasa Earlene, mtu utamkumbatia vipi na bastola ubavuni?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake Twyla, ng'ambo ya ua wa waya, Twyla akivunja maharage mabichi kwenye bakuli. Aliuliza kwa utani, lakini Earlene Pruitt alibaki nalo kama mwiba wa samaki kooni.

Kwa miaka kumi na tisa Earlene alikuwa akisimama mlangoni mwa kanisa lao dogo, huko mashambani Arkansas, Marekani, akimkumbatia kila aingiaye. Mumewe alipofariki, ni mlango ule uliomtoa kitandani Jumapili hadi Jumapili. Kisha mwaka mmoja wazee wa kanisa wakaamua kwamba anayekaribisha watu awe na kibali cha kubeba silaha ndani ya nguo, maana dunia imeharibika. Asiye nacho aketi na wenzake. Walimwambia kwa upole, wakampa muda hadi Pasaka.

"Nitajua nikifika," akamjibu Twyla.

"Ufike wapi, shoga yangu? Wewe panya akinaswa unamwombea!"

"Namwombea, kisha namtupa."

Basi kila Jumamosi asubuhi akawa anakwenda kwa Royce Ledbetter, muumini mwenzake, aliyewahi kuwa naibu wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Nyuma ya banda lake la ng'ombe Royce alirundika tuta la udongo la kuzuia risasi, mbele yake akasimamisha karatasi za shabaha. Earlene alikuwa mpishi wa shule. Bastola hakuwahi kuishika. Akauliza maswali: mbona ganda la risasi linarukia kulia? Mbona kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe tayari? Hii springi inasukuma nini?

"Bi Earlene, umekuja kupiga au kunihoji?"

"Ndugu Royce, hata sufuria mpya naigeuza kwanza nione chini."

Alipoanza kupiga, risasi zote zilikwenda chini, zikatimua vumbi. Na kila alipofyatua alinong'ona, "Samahani."

"Karatasi imekusamehe," akasema Royce. "Piga."

Jumamosi ya pili Royce akamwambia ageuke. Akachanganya risasi za kweli na za bandia, zisizo na baruti, akampa bastola. Ya kwanza ikalia. Ya pili, ka! Hakuna mlio wala moshi, lakini mdomo wa bastola ulikuwa umeinama kama kuku anayedonoa.

Earlene akaitazama mikono yake.

"Nani kaisukuma?"

"Wewe."

"Lakini haijalia!"

"Mkono wako umeuogopa mlio kabla haujaja."

Mwingine angeona haya. Earlene alicheka mpaka vizuia kelele vikamteleza masikioni. Miaka hamsini na minne amekaa na mikono hii, kumbe ina siri naye.

"Nichanganyie tena," akasema. "Nataka niikamate ikiogopa."

Wakaendelea hivyo wiki baada ya wiki. Royce akimwambia abonyeze taratibu, haelewi. Mpaka alipokumbuka anavyokamua sukari ya urembo juu ya keki, ambapo ukishtuka tu ua linaharibika. Hapo mkono ukaanza kutulia. Kabla ya kila zamu aliomba kimoyomoyo: Bwana, utulize mkono huu, wala usinipe sababu ya kuutumia.

Siku ya mtihani, wiki mbili kabla ya Pasaka, Royce alimpa risasi ishirini na tano. Alitaka ishirini zikae ndani ya duara. Zikakaa ishirini na mbili. "Samahani" aliisema mara moja tu, nayo kwa nzi.

Royce akatia sahihi karatasi yake ya kuombea kibali. Akaitoa bastola risasi zote, akahakikisha mara mbili, akamwambia aivae kwenye ala yake chini ya sweta, kiunoni kulia, ajizoeze uzito.

"Haya, dada, hongera!" akasema, akafungua mikono kama wafanyavyo kanisani.

Earlene akamwingia kifuani kwa furaha, na kiwiko cha Royce kikagonga chuma. Wote wawili wakaruka nyuma kama waliogusa waya wa umeme wa kuzuia ng'ombe.

Royce akacheka, akavua kofia akajikuna. Earlene hakucheka. Alikuwa akimfikiria Bibi Opal wa miaka tisini, anayemwegemea mwili mzima asianguke. Na watoto wa shule ya Jumapili, wanaokuja mbio na kumzamishia vichwa hapo hapo kiunoni.

"Enhe," akasema Royce, "uliza basi. Maswali kwako hayaishi."

Earlene akashusha sweta, akaishika ile ala kwa kiganja, akapima ilipokaa.

"Ndugu Royce, zimebaki wiki mbili. Naomba unifundishe kukumbatia upya."