Andikeni: Imefeli

Yusta Kihwele alikuwa mbishi tangu kijijini kwao Igowole, kabla hajajua hata kuvaa viatu. Mama yake aliuza ulanzi, pombe ya mianzi, na kila mteja alipoketi, mama alimimina, akaonja yeye kwanza huku mteja akimtazama. Ukiwa umeharibika, aliumwaga hapohapo, hasara juu yake. Yusta alikua akidhani dunia nzima inauza hivyo. Kumbe!

Maabara ya Mbeya iliyomwajiri ilipewa kazi nzito. Taka za mionzi za mahospitali na viwanda zingezikwa ndani ya mwamba, mlimani, juu ya kijiji kinachokunywa maji ya chemchemi. Je, mwamba utazishika, au maji yatazibeba polepole mpaka kwenye ndoo za watu? Hakuna awezaye kungoja karne kumi apate jibu. Kwa hiyo Yusta alitengeneza modeli ya kompyuta ya kukokotoa jinsi maji, mawe na udongo wa mfinyanzi vinavyogombania urani, madini yenye mionzi.

Lakini kompyuta hutema kile ulichoilisha. Yusta mwenyewe akataka ijaribiwe. Mlima ule una urani ya asili, imelala humo tangu enzi na enzi. Basi modeli itabiri kwanza kiasi kilichomo kwenye chemchemi, namba itangazwe mkutanoni, ndipo maji yapimwe. Akasimama, akaitaja namba yake, wenzake wakampigia makofi.

Majibu yakaja. Urani iliyokuwa majini ilikuwa mara nne ya namba ile. Haikuwa ya kumdhuru mtu, ila modeli ilikuwa imepotea njia.

Bosi wake, Dokta Philbert, akamwita ofisini.

"Dada Yusta, mbona hilo dogo? Punguza nguvu ya udongo kushika urani, modeli itakaa sawa na maji. Wafadhili wako njiani."

"Nikipunguza baada ya kuona jibu, nimetabiri nini? Si sawa na kutabiri mvua nikiwa nimeshalowa?"

"Kila mtu anarekebisha modeli yake."

"Hata mimi nitairekebisha, halafu tutaijaribu kwenye chemchemi nyingine ambayo hatujaipima. Ila hii imefeli, na mkutano utaambiwa."

"Ni modeli yako mwenyewe! Unataka kujiaibisha?"

"Mficha uchi hazai, bosi."

Msidhani hakuumia. Ile modeli ilikuwa imemla ujana. Alijifungia chooni akalia kwa uchungu na hasira, kisha akanawa uso, akatoka.

Siku ya mkutano Philbert alimpa Adrian, kijana wa ofisi ileile, aonyeshe matokeo. Ukutani mstari wa modeli, uliokwisha kurekebishwa kimyakimya, ulilala juu ya vipimo kama shuka iliyopigwa pasi. Wafadhili wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Yusta akasimama bila kuitwa.

"Namba niliyoitaja humu siyo hiyo."

"Kaa chini!" Philbert alifoka.

"Sikai! Modeli yangu imefeli. Andikeni: imefeli. Na kwa modeli iliyofeli halichimbwi shimo juu ya maji ya watu."

Mwenyekiti, Mama Eveline, alimgeukia Adrian. "Namba iliyotangazwa ilikuwa ipi?"

Adrian akaitaja ileile ya Yusta. Uchimbaji ukaahirishwa palepale mpaka modeli ijaribiwe upya.

Unadhani walimshukuru? Thubutu! Wiki haikuisha, Yusta akaondolewa kwenye mradi na kupelekwa Iringa, kulinda mawe ya sampuli kwenye stoo moja pale Mlandege. Jumamosi yake ya kwanza huko alipanda basi la kwenda kwao.

"Kamwene, mwanangu," mama alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Nasikia wamekufukuza?"

"Wamenitoa kwenye mradi, mama. Nalinda mawe."

"Na lile shimo?"

"Halijachimbwa. Na wakija tena na modeli ya kupakwa rangi, nitasimama tena."

Mama alimimina ulanzi, akaonja kwanza, akakunja uso. Akaumwaga wote mlangoni, wateja wakitazama.

"Huu umeharibika," alitangaza kwa sauti, akaingia ndani kuleta mwingine.